Uso Usiokuja

Mimi ni mtu wa kuona. Ukiniletea kitambaa, kabla sijashika mkasi nimeshaliona gauni limeshonwa, limevaliwa, na mwenyewe anatembea nalo kwenda harusini huku anajigeuzageuza. Ukinisimulia habari za chatu, nainua miguu juu ya kiti. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nyumba yetu haina haja ya runinga, maana mkewe anayo kichwani na haizimiki. Kwa hiyo siku niliyoambiwa kwamba kuna mtu mwenye akili zake timamu ambaye akifumba macho haoni kitu, nilijua nataniwa. Tena mtu mwenyewe ni jirani yangu, ambaye tumekopeshana chumvi tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa.

Jirani huyo anaitwa Isabela, ila hapa mtaani kwetu Newala wote tunamwita Mama Charles. Kwao ni Chiungutwa, kule Masasi, watu wa kanisa la Anglikana tangu enzi za babu zao. Aliolewa huku kwetu na Cecil, mkulima wa korosho, mtu mrefu, mpole, ambaye msimu wa kupuliza dawa ulikuwa ukifika unamkuta barabarani na mashine mgongoni, amejaa vumbi la njano la salfa mpaka kope. Nyumba yao ndiyo ya mwisho mtaani. Ukiipita hiyo unaingia kwenye mikorosho. Mtoto wao ni mmoja tu, Charles, na yeye kazi imempeleka Songea. Mama yake humsikia kwenye simu.

Nianze na uzuri wake, maana watu walianza na ubaya. Mama Charles alikuwa na masikio ya ajabu. Nikiwa bado nyuma ya ua, kabla sijabisha hodi, ananiambia, "Mama Faidha, leo umevaa kandambili za nani?" Na kweli, nimevaa za mwanangu. Wimbo wa kanisani akiusikia mara moja tu, umekwisha kuwa wake. Na kuigiza sauti! Tulikuwa tukikaa barazani kwake tunabangua korosho, mikono imetuchubuka kwa mafuta yake, na yeye anatuletea mtu mmoja baada ya mwingine: mnadi wa sokoni, mwenyekiti wa mtaa anayeanza kila neno mara mbili, mama mmoja tajiri anayeongea kwa puani. Tunacheka mpaka korosho zinamwagika. Baba Charles naye anacheka akiwa kule ndani, halafu anamkemea kwa upole, "We mwanamke, wenye sauti zao wakija kuzidai je?"

Cecil alifariki mwaka juzi, msimu wa kupuliza ulipokuwa unaisha. Aliugua kifua, wakampeleka hospitali, akarudi akiwa amefunikwa. Walimzika nyuma ya nyumba yake, chini ya mkorosho alioupanda mwaka waliooana.

Mambo yaliharibika palepale kwenye tanga. Tulikuwa wanawake tumejaa kwenye mikeka, wa msikitini na wa kanisani, maana msiba hauna dini. Dominika, dada wa marehemu anayekaa Tandahimba, alikuwa anagaagaa chini akilia, "Namwona kaka yangu! Namwona pale mlangoni na kofia yake!" Na sisi wengine tukaitikia, kila mtu na lake. Mimi nilisema namwona na mashine yake mgongoni, na wallahi nilikuwa namwona. Kisha mmoja akamgeukia mjane kwa huruma tu, akamwuliza, "Na wewe mwenzetu, unamwona?"

Mama Charles aliinua kichwa. "Mimi simwoni," akasema. "Hata uso wake siupati."

Dominika aliacha kulia, akakaa, akamtazama wifi yake kama ndiyo kwanza anamwona.

Sasa, inabidi mjue ukoo wa marehemu. Wao wanashika neno moja walilorithi kwa bibi zao, kwamba maiti aliyeondoka na kinyongo humficha uso yule aliyemkosea. Kwa hiyo mdomo ukawa umeponza kichwa. Kabla hata arobaini haijafika, Dominika alishamwambia kila mwenye sikio, "Kaka kamficha uso. Kuna jambo alimfanyia." Jambo gani? Hakuna aliyelijua, na lisilojulikana ndilo linalopikwa vizuri. Wengine wakasema alikuwa na mtu Masasi. Wengine wakataja dawa za mganga. Nikiwauliza, wananijibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nilitamani kuwashona midomo kwa cherehani yangu.

Lakini na yeye mwenyewe nilimkasirikia. Nilimfuata nikamwambia, "Si ungesema tu unamwona? Msibani kila mtu anaongeza chumvi."

"Kumbe mlikuwa mnaongeza chumvi?" akaniuliza, na uso wake ukang'aa kidogo, kama mtu aliyepata mwenzake.

"Wengine labda. Mimi nilimwona."

"Ulimwona vipi, naye yuko kaburini?"

"Nilimwona tu, Mama Charles! Kichwani. Shati lake la bluu, na ile mashine."

Ule mng'ao ukaondoka. Akainama akaendelea kuchambua mchele, na mimi nikaenda zangu nikijisifu kwamba nimemshauri.

Watu walipungua kwake. Huku kwetu hakuna anayekufukuza. Wanapita upande wa pili wa barabara tu. Kanisani alikuwa akikaa benchi lake peke yake, sauti yake ya pili ikipanda bila ya mtu wa kushikana naye. Korosho alibangua peke yake, na yale maigizo yakaisha. Nilipokuwa nikimtembelea nilimkuta na simu mkononi, anaitazama picha ya marehemu. Anaitazama, anaigeuza simu chini, anafumba macho. Anafumbua, anaitazama tena. Siku moja alinieleza mwenyewe anachofanya.

"Nikiwa naitazama, ni yeye. Namjua hata katikati ya watu elfu. Nikiigeuza tu, ameondoka. Hakuna kitu, Mama Faidha. Giza." Kisha akasema neno ambalo lilinichoma: "Nadhani wana haki. Labda sikumpenda. Mtu aliyempenda mumewe angeubakiza hata uso."

Nikaichukua ile simu, nikaifuta kioo kwa ncha ya khanga, nikamrudishia. Mimi, mwenye maneno ya kuuza.

Presha ilimpanda, usingizi ukamkimbia, nikamsindikiza hospitali. Baada ya kumpa vidonge wakampeleka kwa dada mmoja anayeongea na watu wenye majonzi, Scholastika, binti mdogo tu ninayeweza kumzaa. Akatuamkia, "Shikamooni mama zangu," tukaitikia marahaba, akatukalisha. Alimsikiliza Mama Charles vizuri, halafu akamwambia atamfundisha njia ya kutuliza moyo.

"Fumba macho, mama. Jione uko mahali unapopapenda. Wapi?"

"Shimo la Mungu, kule kwenye bonde," akasema Mama Charles. "Baba Charles alikuwa ananipeleka Jumapili, tunakaa ukingoni."

"Vizuri. Tazama lile bonde. Unaona nini?"

"Sioni kitu, mwanangu. Nimefumba macho."

Mimi nilicheka. Yule binti hakucheka. Akamwambia, "Tuache bonde. Fikiria embe bivu. Lina rangi gani?"

"La njano."

"Hiyo njano unaiona?"

"Najua ni ya njano. Ntaionaje, na embe halipo?" Mama Charles akafumbua macho, akatutazama kwa zamu, kwanza binti, kisha mimi. "Kwani nyinyi mnaiona?"

Naliona embe lile mpaka leo, limeiva mpaka kikonyo, na utomvu umechuruzika upande mmoja. Nilimwambia.

"Kweli kweli? Mnaona?" akauliza. "Mtu akisema namwona marehemu mama yangu, anamwona? Mimi nilidhani ni maneno tu. Kama mtu anavyosema moyo umeniruka, na moyo uko palepale."

Scholastika alitoka nyuma ya meza akaja kukaa karibu naye. Alimweleza taratibu, na mimi nikatega sikio, maana usilolijua ni usiku wa giza. Alisema wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hilo. Kuna watu wanaowaza kwa picha kali, kama mimi. Wengi wana picha hafifu, zinakuja na kupotea. Na wapo wachache ambao picha haiji kabisa tangu wazaliwe, wala si ugonjwa, wala si wazimu. Wanakumbuka kila kitu, wanampenda mtu kama wengine, ila hawaoni. Wengi huzeeka bila kujua kwamba wenzao wanaona. Tena kuwaza si picha peke yake, akasema. Mwingine sauti ndizo zinazomjia, mwingine harufu, mwingine mikono yake inakumbuka.

"Kule Shimo la Mungu unakumbuka nini, mama?"

"Upepo," Mama Charles akajibu bila kusita. "Unavyokuja kutoka chini unavuma, halafu unakatika. Na yeye anavyokohoa kabla hajasema jambo."

"Unausikia sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nilifikiri atafurahi. Tulipotoka tulitembea mpaka tukalipita soko. Ndipo akasimama. "Maisha yangu yote mmekuwa mkitazama kitu, mimi nimekaa katikati yenu sijui," akasema. "Hata Baba Charles. Alikuwa akisafiri kwenda Mtwara anarudi ananiambia, nilikuwa nakuona njia nzima. Kumbe alikuwa ananiona. Na mimi nikimjibu, na mimi pia. Nilimdanganya bila kujua." Akalia palepale barabarani, na bodaboda zikatupigia honi.

Mwaka wa kifo ulipotimia, ukoo ukatangaza siku ya kumaliza tanga na kurithisha jina. Huku kwetu jina la mtu haliachwi likaoza. Ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo jina la Cecil lilikuwa linakwenda kwa mpwa wake Alfredi, mtoto wa Dominika, dereva wa bodaboda kule Tandahimba. Mrithi huvalishwa koti la marehemu na kukalishwa kwenye kiti chake. Na katika ukoo ule dada wa marehemu humwuliza mjane mbele ya watu, "Umemwona mwenzio?" Mjane akijibu, "Nimemwona," jina limepata mtu. Akishindwa kujibu, maana yake marehemu bado amemficha uso. Mjane anarudishwa kwao ili jina lipate kutulia. Nyumba na mikorosho ni ya ukoo. Mama Charles angefungashiwa vyombo vyake mpaka Chiungutwa, na kaburi libaki huku nyuma.

"Kuondoka naweza," aliniambia aliponiletea lile koti nilipunguze, maana Alfredi ni mwembamba. "Hata kwetu kuna ndugu. Lakini kila asubuhi nikifagia, nafagia na kwake. Nani atamfagilia?"

"Basi sema nimemwona, yaishe. Neno moja!"

"Dominika amenipigia simu. Kasema, wifi, usimdanganyie mwanangu. Jina likipokewa kwa uongo linamla aliyelibeba." Akalilaza koti kwenye meza yangu, akalinyoosha kola. "Na mimi uongo huo nilimwambia Baba Charles bila kujua. Sasa najua."

Nililipunguza koti lile mabegani na ubavuni, na kila nilipochoma sindano nilimwona Baba Charles ndani yake. Nilitamani ningemgawia mwenzangu japo kipande.

Siku yenyewe katekista alisali kaburini asubuhi, watu wakala, kisha wakubwa wa ukoo wakatengeneza duara uani. Alfredi akatoka ndani amevaa koti. Kazi yangu naijua, lilimkaa. Minong'ono ikapita, "Ni yeye, ni yeye mtupu." Kijana akakaa kwenye kiti cha mjomba wake, ameona haya, mikono magotini. Dominika akasimama mbele ya Mama Charles aliyekaa mkekani na khanga yake nyeusi.

"Wifi, umemwona mwenzio?"

Mama Charles alimtazama Alfredi, akalitazama koti, akafumba macho. Nilikuwa nimeshika ncha ya mtandio wangu naisokota. Nikamwomba Mungu amtumie japo pua ya marehemu.

"Sikumwona," akasema.

Watu waliguna. Dominika akaziba kinywa kwa mkono, na kusema kweli hakuonekana mwenye furaha.

"Sikumwona, na sitamwona," Mama Charles akaendelea. "Hata mama yangu mzazi simwoni. Wala Charles akiwa Songea simwoni. Nimezaliwa hivyo, nimeambiwa juzi na uzee huu. Kwa hiyo kama ni kuficha uso, basi dunia nzima imenificha. Lakini msiseme hayumo humu." Akajigusa kifua.

"Kila mtu anaweza kusema hivyo," mmoja wa wazee akanung'unika.

Mama Charles alikohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili, cha pili kimemezwa nusu. Kikohozi kile nilikisikia kwenye ua wangu miaka nenda miaka rudi. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akaita kwa sauti nzito, ya taratibu, iliyoburuta mwisho wake na kuupandisha juu kidogo:

"Minikaaa! We Minika!"

"Abee kaka!" Dominika akaitika.

Aliitika na mguu umeshaondoka, anaelekea mlangoni kama mtoto aliyetumwa. Akapiga hatua kadhaa ndipo akajishtukia. Akasimama katikati ya ua na mikono hewani. Hakuna aliyekuwa amemwita Minika tangu kaka yake azikwe. Niliogopa watu watasema mapepo, wakimbie, au wamtimue kabisa. Ila Dominika alirudi polepole, akapiga magoti mbele ya wifi yake.

"Rudia," akasema.

Mama Charles akaita tena. Safari hii Dominika aliitika kwa kujua, na machozi yakamtoka mpaka kidevuni.

"Uso wake ninao," akasema, "namwona kila siku. Sauti ndiyo iliniponyoka. Hata arobaini haikufika, nikaitafuta nikaikosa. Nikajiuliza, na mimi nilimkosea nini? Sikumwambia mtu." Akamshika wifi yake mikono yote miwili. Kisha akageukia watu, akafuta uso kwa khanga, akasema kwa ukali wake uleule, "Mnangoja nini? Jina limepata mtu. Mpeni kijana maji anywe."

Habari za Chiungutwa hazikutajwa tena. Mama Charles yuko palepale, nyumba ya mwisho, na kaburi linafagiliwa. Benchi la kanisani limepata watu. Wale wa lisemwalo lipo sasa wanasema tangu mwanzo walijua hana kosa. Niwaache, Mungu anawaona.

Dominika huja kutoka Tandahimba mara kwa mara. Wanakaa barazani wanabangua korosho. Anaomba sauti, anapewa, anaitika, wanalia kidogo, wanacheka kidogo. Na yeye hulipa. Humweleza wifi yake ule uso: kovu la nyusi alilopata kwa kuangukiwa na tawi, jino lililopanda juu ya jingine, macho yaliyokuwa yakicheka kabla ya mdomo. Mama Charles husikiliza amefumba macho, mikono imesimama juu ya korosho.

"Umekuja?" Dominika humwuliza.

"Haujaja."

"Ngoja nikwambie tena."

Siku moja nilikuwepo, Dominika akamwuliza kwa utani, "Na wewe, wifi, alikuwa akikuitaje? Mkiwa wawili?"

Mama Charles alibangua korosho moja, akaitupa kwenye ungo. "Hiyo hapana," akasema. Akainuka akaenda kutazama chai, na hatukumwuliza tena.

Juzi jioni nilimpelekea gauni lake la Pasaka. Dominika alikuwa amekwisha kuondoka na basi, na nyumba ilikuwa kimya. Nilivua kandambili pale uani kwa sababu ya tope, nafikiri ndiyo maana hakunisikia. Nilimkuta amekaa kizingitini, ameipa barabara kisogo, shingo ameiinamisha upande wa mikorosho. Macho kayafumba. Hakuwa anaigiza mtu. Midomo yake ilikuwa imetulia. Alikuwa anasikiliza tu. Nilitazama alikoelekea, na mimi na macho yangu yote haya sikuona kitu isipokuwa miti.

Halafu akatabasamu, akasema polepole, "Abee."

Nikarudi na gauni mkononi, sikubisha hodi.